Nguzo za Hekalu la Izumo

Katika mwaka 970 mwanachuoni wa Kijapani aliyeitwa Minamoto no Tamenori alitunga kitabu kidogo cha kumfundishia mtoto wa mkubwa mmoja mambo ambayo kijana wa ukoo bora alipaswa kuyahifadhi kwa moyo. Kitabu hicho chaitwa Kuchizusami, na miongoni mwa mafunzo yake imo orodha fupi ya majengo makubwa matatu ya nchi, nayo yamepangwa kama watoto wa kiume wa nyumba moja. Kifungua mimba ni hekalu la Izumo. Wa pili ni nyumba ya sanamu kubwa ya Buddha katika Nara. Kitinda mimba ni ukumbi wa mfalme katika mji mkuu wa Kyoto. Orodha hiyo ya mtoto wa shule imewasumbua wataalamu kwa muda mrefu, maana nyumba ya Buddha ya zama zile yakisiwa kuwa ilifika kimo cha mita 45 hivi. Ikiwa hekalu la Izumo lilikuwa kaka yake, basi lilikuwa na kimo gani? Na watu wa zama zile walilisimamishaje, kwa miti mitupu, mbali na mji mkuu, karibu na bahari yenye pepo kali?

Swali hilo si la maseremala peke yao. Ndani yake limo swali jingine limgusalo kila asomaye historia: mapokeo yapewe daraja gani mbele ya ushahidi? Wako wasomi wayapokeao mapokeo kama yalivyotoka kinywani mwa wazee, bila kuyapima. Na wako wayapeperushao yote kama makapi kwa sababu hayana mhuri wala tarehe. Hekalu la Izumo limewatahayarisha wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake. Kwa hiyo lafaa kuzuriwa na mwanafunzi wa historia hata kama hana haja na miungu yake.

Izumo iko katika mkoa wa Shimane, upande wa magharibi wa kisiwa cha Honshu, katika pwani ielekeayo Korea. Ni nchi ya mashamba ya mpunga, maziwa na vilima vya misitu, na mkoa huo ni mmoja wa mikoa ya Japani yenye watu wachache kabisa. Mgeni atokaye mji wa Matsue hupanda treni ndogo ya umeme ifuatayo ukingo wa kaskazini wa ziwa Shinji, na baada ya saa moja hivi hushuka hatua chache tu kutoka njia kuu ya hekalu. Njia hiyo ina malango manne ya namna iitwayo torii, yaani nguzo mbili na boriti zilizolazwa juu yake, bila mlango wala komeo. Lango la kwanza ni la zege, lilijengwa mwaka 1915, na kimo chake ni mita 23. Nyumba kuu ya hekalu ina mita 24. Yasemekana lango lilipunguzwa kwa kusudi, lisije likaonekana kumpita mwenye nyumba.

Baada ya lango la pili njia hufanya jambo lisilo la kawaida: huteremka. Mahekalu mengi ya Japani, kama nyumba nyingi za ibada duniani, humpandisha mja ngazi ili moyo wake uinuke pamoja na miguu yake. Hapa mja hushuka taratibu hadi kwenye safu za misonobari ya zamani, na watu hupita pembeni, kwa kuwa njia ya katikati yahesabiwa kuwa ni ya miungu, tena mizizi ya miti yahitaji kuhifadhiwa isikanyagwe. Mgeni hunawa mikono na kusukutua kinywa kwa maji ya birika la mawe. Kisha hupita lango la mwisho, la shaba nyeusi, lililotolewa sadaka na ukoo wa Mori mwaka 1666, ambalo nguzo zake hushikwashikwa na wapitao hata zikang'aa. Nyuma ya yote umesimama mlima Yakumo, wenye miti mizito ya kijani, kama ukuta wa mwisho wa ua.

Mgeni mwenye haraka hudanganyika mahali pamoja. Upande wa magharibi wa uwanja iko nyumba ya ngoma za ibada, na mbele yake imetundikwa kamba nene ya majani ya mpunga yenye urefu wa mita 13 hivi na uzito wa tani 5. Kamba hiyo imepigwa picha kuliko kitu kingine chochote cha Izumo, na wengi hurudi kwao wakidhani kuwa waliiona nyumba kuu. Nyumba kuu haionekani kwa urahisi hivyo. Imezungukwa na nyua, na wazuru wa kawaida hawaingii. Waonacho ni paa: paa kubwa la maganda ya mti wa hinoki, lililopinda kama mgongo wa ndege atakaye kuruka, na juu ya ncha zake mbao mbili mbili zilizokingamana kuelekea mbinguni. Watu husimama mbele ya lango la ndani, huinama mara mbili, hupiga makofi manne, na kuinama tena mara moja. Mahekalu mengine hupiga makofi mawili. Hapa ni manne, na katika sikukuu kubwa ya tarehe 14 Mei makuhani hupiga manane. Lakini ajuaye habari za ndani huzunguka hadi ubavu wa magharibi wa uzio na kuomba mara ya pili, kwa kuwa mungu wa hekalu hili hakuelekezwa kusini kama nyumba yake ilivyoelekezwa. Ameelekezwa magharibi, na asimamaye langoni huomba mbele ya bega lake.

Mungu huyo ni Okuninushi, na habari zake zimeandikwa katika Kojiki, kitabu kilichokamilishwa mwaka 712 kwa amri ya mfalme, na katika Nihon Shoki cha mwaka 720. Okuninushi, kwa masimulizi hayo, ndiye aliyeitengeneza nchi na kuitawala, mpaka wakubwa wa mbinguni walipotaka itawaliwe na kizazi cha Amaterasu, mungu wa kike wa jua, ambaye ukoo wa wafalme wa Japani hujinasibu naye. Mjumbe wa mbinguni alishuka katika ufuko wa Inasa, ulio mwendo mfupi upande wa magharibi wa hekalu, akachomeka upanga wake ncha ikiwa juu, akaketi juu ya ncha hiyo, akauliza: nchi itatolewa au haitatolewa? Mwana mmoja wa Okuninushi alikubali. Mwingine alishindana kwa nguvu akashindwa. Mzee mwenyewe aliitoa nchi, lakini kwa sharti. Alitaka ajengewe makao yaliyo sawa na makao ya wafalme wa mbinguni, yenye nguzo zilizosimikwa hata kwenye mwamba ulio chini na mbao zilizoinuliwa hata kwenye mawingu.

Hapa mwanahistoria lazima atue kidogo. Hadithi hiyo iliandikwa na washindi, nayo yamsifu mshindwa. Karibu theluthi ya habari za miungu katika Kojiki zahusu Izumo, jambo la ajabu katika kitabu kilichotungwa ili kuthibitisha haki ya ukoo mwingine. Kwa nini waandishi wa baraza la Yamato waliupa wino mwingi hivyo mkoa wa kando? Kwa muda mrefu katika karne ya 20 jibu lililopendwa na wanazuoni wengi lilikuwa kwamba ukubwa wa Izumo ni wa kubuni. Baraza, walisema, lilihitaji mpinzani mwenye adhama ili ushindi wake uwe na adhama, likamtengeneza katika karatasi. Hoja yao haikuwa dhaifu, kwa kuwa ardhi ya Izumo haikuwa imetoa kitu cha thamani kilicholingana na sifa zile.

Mwaka 1984, katika bonde dogo la Kojindani, kusini-mashariki ya hekalu, wafukuaji walikuta panga 358 za shaba nyeusi zimelazwa kwa safu nne, kama samaki waliopangwa katika kapu. Idadi hiyo peke yake ilizidi panga zote za namna ile zilizokuwa zimepatikana Japani nzima mpaka siku hiyo. Mwaka uliofuata, hatua chache pembeni, zilipatikana kengele 6 na vichwa vya mikuki 16. Na mwaka 1996, mahali paitwapo Kamo-Iwakura, si mbali na hapo, zilitoka kengele nyingine 39. Vitu hivi ni vya karne nyingi kabla ya Kojiki kuandikwa. Havikuthibitisha kuwa Okuninushi aliishi. Vilithibitisha kwamba Izumo ilikuwa na mali, mafundi na mamlaka. Waliosema kwamba ukubwa wa Izumo ulizaliwa katika karatasi walilazimika kutafuta neno jingine.

Hayo yalikuwa juu ya nchi. Juu ya hekalu lenyewe ubishi ulikuwa mkali zaidi, kwa sababu mapokeo yake hayana haya hata kidogo. Makuhani wa Izumo walisimulia kwamba katika enzi za mwanzo kimo cha jengo kilikuwa jo 32, yaani mita 96 hivi. Kisha likawa la jo 16, mita 48. Na sasa ni la jo 8, mita 24. Msikilizaji yeyote mwenye akili hutilia shaka hesabu inayogawanyika nusu kwa nusu kwa unadhifu hivyo. Mita 96 hazikupata kutetewa na mtaalamu wa maana. Lakini mita 48 zilikuwa na mashahidi. Shahidi mmoja ni ile orodha ya Tamenori, ingawa wapingao walisema, na si bila sababu, kwamba huenda orodha yafuata heshima wala si kimo: kwanza miungu, pili Buddha, tatu mfalme. Shahidi mwingine ni mtawa na mshairi Jakuren, aliyefika Izumo mwishoni mwa karne ya 12 akaacha shairi la kustaajabia mbao za paa zilizopotea mawinguni. Ushahidi wa mshairi, hata hivyo, hauingii mahakamani bila kuhojiwa; mawingu ya Izumo hushuka chini sana siku za mvua, na siku za mvua huko ni nyingi.

Shahidi wa tatu alikuwa mchoro. Ukoo wa Senge, ambao ndio makuhani wakuu wa hekalu, umehifadhi karatasi yenye ramani ya jengo la kale. Ndani yake mna duara tisa kubwa, tatu kwa tatu, na ndani ya kila duara duara tatu ndogo, kuonyesha kwamba kila nguzo ilifanywa kwa magogo matatu yaliyofungwa pamoja kwa pete ya chuma. Mbele ya jengo umechorwa mstari wa ngazi, na pembeni yake yameandikwa maneno kwamba urefu wake ni cho moja, kadiri ya mita 109. Motoori Norinaga, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 18 ambaye maisha yake aliyatoa kwa kuifasiri Kojiki, aliunakili mchoro huo katika mkusanyo wake uitwao Tamakatsuma. Ingawa hakuna aliyeyapenda mapokeo ya kale kumshinda yeye, hakuficha kwamba mengi katika karatasi ile yalimtatiza. Katika karne ya 20 mwanahistoria wa majengo Fukuyama Toshio aliuchukua mchoro kwa uzito, akapiga hesabu zake, akachora hekalu la mita 48 lililosimama juu ya nguzo ndefu kama miguu ya korongo, na ngazi ikishuka mbele yake kama daraja. Wenzake wengine walimcheka kwa adabu. Nguzo ya magogo matatu, walisema, haijaonekana popote.

Ilionekana mwaka 2000. Wala haikutafutwa. Hekalu lilikuwa limekusudia kujenga chumba cha matayarisho ya ibada chini ya ardhi, karibu na nyumba ya kuombea, na sheria ilitaka wataalamu wa mambo ya kale wafukue kwanza. Mbele ya lango la ndani, chini ya mawe yaliyojazwa kwa wingi, walikuta vichwa vya magogo matatu ya mwerezi yaliyosimama yamegusana, kila gogo likiwa na upana wa mita 1.35 hivi, na yote pamoja yakifanya nguzo yenye upana wa mita 3. Baadaye zilipatikana nyingine mbili, moja ikiwa ni ile ya katikati, iliyo tegemeo la jengo zima. Maji yaliyomo ardhini yaliyahifadhi magogo yasioze, hata alama za rangi nyekundu zilibaki juu yake. Watu waliozoea kuiona karatasi ya Senge walipotazama shimoni waliuona mchoro umesimama mbele yao kwa mti na udongo.

Hapa ndipo wengi walipokosea kwa upande wa pili. Magazeti na wenyeji walishangilia kama kwamba mita 48, au hata 96, zimethibitika. Hazikuthibitika. Nguzo iliyokatika chini ya ardhi yaeleza unene wake, yaeleza jinsi ilivyosimikwa, lakini haielezi ilipanda mpaka wapi. Tena umri wa miti, uliopimwa kwa hesabu ya kaboni na kwa pete za mbao, ulionyesha kwamba hizo si nguzo za zama za Tamenori wala za Jakuren, sembuse za miungu. Miti hiyo ilikatwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 13, na yakubaliana na jengo ambalo hati zasema lilikamilishwa mwaka 1248. Mpaka leo wako wataalamu wasemao kwamba mzigo wa nguzo nene hivyo hauna maana ila kwa jengo refu mno, na wako wasemao kwamba jengo la nusu ya kimo kile lingeweza kutaka unene uo huo katika mchanga ule laini. Kauli ya haki ni hii: karatasi ya makuhani ilisema kweli juu ya jambo ambalo wasomi hawakulisadiki kabisa, yaani magogo matatu katika nguzo moja; na juu ya kimo, ardhi imenyamaza. Mtu akiombwa shahidi wa nguzo asimfanye kuwa shahidi wa paa.

Kuna ushahidi mwingine usiotajwa sana na wapenda fahari, nao pengine ndio wenye nguvu kuliko wote. Hekalu la Izumo lilikuwa likianguka. Hati za kati ya mwaka 1031 na 1235 zataja jengo kuporomoka mara kadha wa kadha, jambo lisilosimuliwa kwa wingi hivyo juu ya hekalu jingine lolote la nchi. Jengo fupi lenye nguzo nene halianguki ovyo. Liangukalo mara kwa mara ni lile lililojengwa kupita kipimo cha ufundi wa zama zake. Anguko la kwanza lina kisa chake. Liwali wa mkoa, Tachibana no Toshitaka, alipeleka habari mji mkuu juu ya kuporomoka huko pamoja na maagizo ambayo, kwa maneno yake, mungu wa hekalu aliyatoa. Baraza lilichunguza, likaona ameghushi maneno ya mungu, na mwaka 1032 likamhamishia kisiwa cha Sado. Kujenga upya hekalu kuliwalemea walipa kodi wa mkoa mzima, na lililemealo raia lisingekosa kumnufaisha mwenye kukusanya. Kisa cha mwaka 1110 ni cha upole zaidi: jengo lilipohitaji miti mikubwa, yasimuliwa kwamba magogo mia moja yalitupwa na bahari katika ufuko wa karibu, na ujenzi ule ukaitwa ujenzi wa miti iliyojileta. Asiyesadiki miujiza ana hiari ya kufikiri juu ya misitu ya mikoa ya jirani na mikondo ya bahari ile.

Baada ya jengo la mwaka 1248 hekalu lilipungua. Ukoo wa makuhani uligawanyika katika karne ya 14 kuwa nyumba mbili, Senge na Kitajima, zikagawana zamu za ibada na mapato; na majengo yaliyofuata yalikuwa madogo. Dini ya Buddha nayo iliingia uani. Mtawala wa kivita Amago Tsunehisa, katika karne ya 16, alijenga humo humo majengo ya Kibuddha, mojawapo likiwa mnara wa ghorofa tatu wa mwaka 1527. Kwa waabudu wa zama zile hapakuwa na kinyume. Miungu na mabuddha walikaa ua mmoja kama wapangaji wa siku nyingi. Ni katika karne ya 17, makuhani walipojenga upya kwa msaada wa serikali ya shoguni, ndipo walipoamua kuyaondoa yote ya Buddha. Jengo hilo lilikamilishwa mwaka 1667. Wakati huo nguzo zake zilihitaji mierezi mikubwa, na mierezi hiyo ilipatikana katika mlima wa hekalu moja la Kibuddha huko Tajima, mkoa uitwao Hyogo sasa. Makuhani walishukuru kwa kutoa kile walichotaka kiondoke: mnara wa ghorofa tatu ulivunjwa, ukasafirishwa, ukasimamishwa mlimani mwaka 1665. Miaka mia mbili baadaye serikali mpya ya Meiji ilitenganisha Shinto na dini ya Buddha kwa amri, na hekalu lile la Tajima likageuzwa kuwa la Shinto. Hivyo mnara uliofukuzwa katika ua wa miungu kwa kuwa ni wa Buddha umesimama hadi leo, salama kabisa, katika ua mwingine wa miungu.

Nyumba kuu ionekanayo sasa ni ya mwaka 1744. Ina nguzo tisa, kwa mpango ule ule wa tatu kwa tatu wa karatasi ya Senge, ila nguzo zake ni za gogo moja moja. Mwaka 1952 iliandikwa kuwa hazina ya taifa. Kwa hesabu ya Japani si jengo la kale mno, na hapo ndipo palipo na ugumu kwa mgeni aliyezoea kwamba ukale ni mawe. Hekalu la Ise, ambalo ni la Amaterasu, hujengwa jipya kila baada ya miaka 20. Izumo haina mpango wa mwendo huo. Nyumba ya mwaka 1744 hutengenezwa, haiangushwi. Ilitengenezwa mwaka 1809, 1881, 1953, na tena katika kazi kubwa iliyoanza mwaka 2008, ambapo mungu alihamishwa nyumba ya muda, paa likavuliwa na kuezekwa upya kwa maganda zaidi ya laki sita, hata mwaka 2013 akarudishwa usiku. Maganda hayo hubanduliwa katika miti mizima iliyo hai, na mafundi waijuao kazi hiyo ni wachache. Kama kuna kitu cha kale katika Izumo kisichokatika, ni ujuzi huo wa mikono, unaorithiwa kwa muda wa kizazi kwa kizazi wakati miti yenyewe inapokwisha.

Jina la sasa la hekalu lenyewe si la kale. Kwa karne nyingi liliitwa Kizuki; mwaka 1871 ndipo lilipopewa rasmi jina la Izumo. Serikali ya Meiji ilikuwa ikiyapanga mahekalu yote katika daraja za dola, na kuhani mkuu Senge Takatomi aliona hatari iliyomo. Alitaka Okuninushi awekwe pamoja na Amaterasu na wenzake katika mahali pa ibada ya kitaifa huko Tokyo, kwa hoja kwamba ndiye mtawala wa mambo yasiyoonekana, na wa roho za wafu. Makuhani wa Ise walikataa. Mabishano yaligawanya nchi mpaka mfalme akayakata mwaka 1881, na Izumo ikashindwa. Kwa mara ya pili, mtu angeweza kusema, Okuninushi aliitoa nchi. Lakini safari hii hapakuwa na nyumba ya kumfidia. Mwaka 1882 Senge alianzisha jumuiya yake ya dini nje ya mpango wa serikali, nayo ipo mpaka sasa. Waliobaki ndani ya mpango walipata ruzuku na cheo, na pamoja navyo wakapata mzigo wa kuombea vita vya dola, hadi waraka wa tarehe 15 Desemba 1945 wa majeshi yaliyoikalia Japani ulipoitenga dini ya Shinto na serikali.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1890, alifika mwalimu mmoja wa Kiingereza aliyekuwa ameajiriwa shule ya Matsue, Lafcadio Hearn, mzaliwa wa Ugiriki, mwenye jicho moja zima. Alipokewa na kuhani mkuu Senge Takanori, akaruhusiwa kupanda ndani ya nyumba kuu, heshima ambayo hakuna Mzungu aliyewahi kuipata kabla yake. Kitabu alichokitoa mwaka 1894 kiliwafundisha wasomaji wa Ulaya na Marekani jina la Kizuki, na alipochukua uraia wa Japani mwaka 1896 alijiita Koizumi Yakumo, kwa neno la kale la sifa ya Izumo. Maandishi yake ni matamu, na yapasa kusomwa kwa tahadhari ya utamu: aliiona Izumo kama nchi isiyoguswa na wakati, ilhali kuhani aliyempokea alikuwa ametoka katika mapambano makali ya siasa yaliyokwisha miaka tisa tu nyuma yake.

Jambo ambalo Hearn hakulikosea ni mwezi wa miungu. Katika mwezi wa kumi wa kalenda ya kale Wajapani kwingineko huuita mwezi usio na miungu. Izumo huuita mwezi wenye miungu, kwa imani kwamba wote husafiri kuja hapa kufanya baraza juu ya mafungamano ya watu katika mwaka ujao, nani aoane na nani. Wanazuoni wa lugha hawakubali kwamba jina la mwezi lilitokana na safari hiyo, na huenda wako sahihi. Hata hivyo, usiku wa tarehe kumi ya mwezi huo mioto huwashwa katika ufuko wa Inasa, makuhani huwalaki wageni wasioonekana wakiongozwa na nyoka wa baharini, na kuwapeleka nyumba mbili ndefu, mashariki na magharibi ya uwanja, zenye milango kumi na tisa kila moja, zifunguliwazo kwa ajili yao.

Nguzo moja kati ya zile tatu zilizofukuliwa imewekwa katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2007 upande wa mashariki wa hekalu, chini ya mwanga hafifu, na kando yake vimepangwa vielelezo vya mbao vya wataalamu mbalimbali, kila kimoja na kimo chake. Katika uwanja wenyewe, mbele ya lango la ndani, mafundi wametia alama katika mawe ya sakafu mahali palipopatikana nguzo: duara tatu zilizokumbatiana, za rangi nyekundu. Mchoro wa Senge una nguzo tisa, na mahali pa nguzo tatu tu ndipo palipofukuliwa. Vijana waliokuja kuomba wachumba hupita juu ya duara hizo, husimama, hupiga makofi manne, kisha huenda kuitafuta ile kamba.